Unapoanza kuzalisha haibiskasi mpya, anza na kichaka

Kila anayeingia katika kazi hii huvutwa na ua. Ndivyo inavyotakiwa, maana bila mapenzi hayo hutavumilia miaka ya kusubiri. Lakini mwenye bustani haishi na ua moja. Anaishi na kichaka mwaka mzima: majani yake, umbo lake, wadudu wake, na matumba yanayodondoka kabla ya kufunguka. Nimeona miche mingi yenye maua ya kushangaza ikiishia kusahaulika kwa sababu shina lilikuwa dhaifu au haikukubali kuota mizizi. Basi panga kazi yako kwa ajili ya kichaka, halafu ndani ya vichaka vizuri ndipo utafute ua.

Kwanza jua unashughulika na haibiskasi ipi, kwa sababu jina hili linabeba mamia ya spishi. Zile za nchi za joto, yaani Hibiscus rosa-sinensis na machotara wake, haziwezi baridi ya kugandisha. Hibiscus syriacus, ambayo ndiyo ua la taifa la Korea Kusini, hustahimili theluji na hupukutisha majani majira ya baridi. Kundi jingine limetoka kwenye mabwawa na kingo za mito ya Amerika Kaskazini: H. moscheutos na ndugu zake kama H. coccineus na H. laevis. Hizi hufa hadi usawa wa ardhi kila baridi inapoingia, kisha huchipua upya, na ua lake laweza kuvuka upana wa sentimita 25. Ukichavusha ndani ya kundi moja mbegu zinapatikana. Kati ya kundi na kundi usiweke matumaini. Utapoteza misimu ukisubiri matunda yatakayodondoka yakiwa machanga.

Nitakayoeleza zaidi ni ya kundi la rosa-sinensis, ambalo ndilo wengi huanzia. Hizi za kisasa ni machotara wa machotara. Humo ndani mna H. schizopetalus ya Kenya na Tanzania, lile ua linaloning'inia na petali zake zimechanika kama kamba. Mna H. liliiflorus ya visiwa vya Maskarene, na mna spishi za Hawaii kama H. arnottianus, ua jeupe lenye harufu. Aina nyingi zina seti nyingi za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na idadi yake hutofautiana kati ya aina na aina. Kwa hiyo mbegu za tunda moja, baba mmoja aliyetoa chavua, yaani unga wa uzazi wa ua, na mama mmoja aliyebeba tunda, zitakupa miche isiyofanana hata kidogo. Ukichukua mama mwekundu na baba wa njano, usidhani utapata rangi ya machungwa katikati. Wekundu na zambarau hutokana na rangi ya asili iitwayo anthosiani, iliyomo kwenye maji ya seli; njano na machungwa hutokana hasa na nyingine iitwayo karotenoidi, ambayo inakaa mahali pengine ndani ya seli hiyohiyo. Rangi hizi mbili hulaliana, moja juu ya nyingine, ndiyo maana ukipata zote kwa wingi unaona kahawia na hudhurungi za ajabu, na zikipungua zote unabaki na weupe au maziwa.

Maana yake kwa anayeanza ni kwamba kuchavusha ovyo kila ua lililofunguka hakufai. Andika lengo lako kwa sentensi moja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa mfano: kichaka kifupi chenye matawi tangu chini, ua la njano lisilopauka jua likiwaka. Sifa mbili au tatu zinatosha. Ukitaka sita kwa mpigo hutapata hata moja, kwa sababu kila sifa unayoongeza inapunguza idadi ya miche itakayokidhi zote.

Kuchagua wazazi ndiko kunakoamua karibu kila kitu, na hapa usikubali kuharakishwa. Mzazi mmoja lazima awe na kichaka unachokitaka, hata kama ua lake ni la kawaida. Wageni hukimbilia kuchavusha ua kubwa kwa ua kubwa, na wanapata miche mirefu, mitupu chini, yenye maua mazito yanayoinamisha shingo. Kagua pia uwezo wa uzazi. Kuna aina ambazo hazishiki mbegu kabisa lakini chavua yake ni nzuri, na kuna zinazozaa kwa kila mguso ilhali chavua yake haifanyi kitu. Nyingi kati ya zile nyekundu za zamani zilizoenea kwenye uzio na kingo za njia hazizai mbegu. Jaribu kila mzazi kwa pande zote mbili, kama mama na kama baba, kabla ya kusema hafai. Aina zenye petali nyingi zina shida yake: baadhi ya stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua, zimegeuka petali, kwa hiyo chavua ni chache na itabidi uitafute katikati ya mikunjo.

Sasa mkono wenyewe. Ua la haibiskasi hukaa siku moja, aina nyingine siku mbili, basi jioni iliyotangulia ndiyo ya kujiandaa. Tumba litakalofunguka kesho utalijua: limerefuka na limechomoza nje ya sepali, yaani vijani vya kijani vinavyolifunika, rangi inaonekana, lakini petali bado zimejisokota. Kama unaogopa mama asijichavushe au wadudu wasikutangulie, lifungue taratibu kwa vidole na uziondoe stameni kwa kibano, kisha lifunike kwa mfuko mwepesi wa kitambaa.

Asubuhi tazama kwa karibu ule mhimili unaochomoza katikati ya ua. Pembeni umezungukwa na stameni, na kwenye ncha umegawanyika vitawi vitano, kila kimoja kikiwa na kichwa cha duara chenye vinyweleo kama mahameli. Hizo ndizo stigma. Chavua iliyoiva inaonekana imefura na kuwa na unga wa njano. Ukigusa inashika kwenye kidole. Kama bado ni vifuko laini vilivyofungwa, subiri. Muda mzuri mara nyingi ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla joto halijakausha vitu. Vunja ua la baba, chana petali zake ubaki na mhimili, halafu upapase kwenye vichwa vyote vitano hadi uone njano imeshika kila kimoja. Sipendi brashi, inabeba chavua ya jana, na kuisafisha vizuri ni kazi. Mvua ikinyesha baada ya hapo, hesabu umeanza upya, maana chavua ikilowa huharibika.

Funga lebo kwenye kikonyo palepale, kabla hujagusa ua la pili. Mama kwanza, kisha alama ya kuzidisha, kisha baba, na tarehe. Penseli haifutiki na jua kama kalamu ya wino. Daftari liandikwe siku hiyohiyo, na liwe na walioshindwa pia, kwa kuwa orodha ya wasiozaa itakuokolea msimu ujao.

Ua litanyauka na kudondoka. Kinachotakiwa kubaki ni ile ovari, yaani kifuko cha mbegu, ndogo ya kijani ndani ya sepali. Ikivimba ndani ya wiki moja una tumaini. Nyingi hudondoka zikiwa bado ndogo, hasa joto likizidi au mmea ukikosa maji, kwa hiyo usipungukiwe na umwagiliaji kipindi hiki. Tunda huchukua kama miezi miwili hadi mitatu, kutegemea hali ya hewa. Linapoanza kubadilika rangi, livishe mfuko wa wavu, kwa sababu likikauka hupasuka na mbegu zinatawanyika usizione tena.

Mbegu ina ganda gumu. Ikwangue kidogo kwa msasa au kwa kikata kucha upande wa mgongo, mbali na ncha iliyoshikamana na tunda, hadi uone weupe tu. Kisha iloweke usiku mmoja. Panda kwa kina kisichozidi sentimita moja, kwenye udongo mwepesi unaopitisha maji. Katika joto la kutosha zinaanza kuchomoza ndani ya wiki moja au mbili. Hatari ya hatua hii ni ukungu unaoozesha shingo ya mche, na dawa yake ni hewa na kutomwagilia kupita kiasi. Kila mche upate namba yake mwenyewe tangu siku unapohamishiwa kwenye chungu.

Kuanzia hapo kazi ni kuchuja, na hapa ndipo wapya wanaposhindwa, kwa sababu ya huruma. Wapo wazalishaji wanaotunza kila mche hadi uchanue, wakisema mara nyingine ule mdogo dhaifu ndio unaoficha ua bora. Ni kweli hutokea. Lakini kama lengo ni bustani, mimi nasema utoe mapema: mche unaougua madoa ya majani wakati jirani zake ni wazima, unaokwenda juu kama fimbo bila kutawi, unaojaa vidukari na utitiri kuliko wengine. Nafasi, maji na macho yako vina kikomo. Waliobaki watachanua kwanza baada ya miezi tisa hivi hadi miaka miwili.

Usihukumu kwa ua la kwanza. Mara nyingi huwa dogo na rangi yake haijatulia. Haibiskasi hubadilika rangi kwa joto na mwanga kiasi kwamba mche uleule unaweza kukuonyesha rangi mbili tofauti katika majira mawili, kwa hiyo piga picha kila mwezi mahali palepale. Na usipige ua tu; rudi nyuma hatua tano upige mmea wote. Kwenye daftari langu safu za kichaka ni nyingi kuliko za ua: matawi yanaanzia wapi, maua mangapi yamefunguka kwa siku moja, matumba mangapi yamedondoka, kikonyo kinasimama au kinainama, majani yanabaki kijani wakati wa shida. Za ua zinahusu iwapo petali ni nzito au zinakunjika saa sita, na iwapo ua linafika jioni likiwa na sura.

Mche uliopita mtihani huo sasa uulize swali gumu zaidi: unazaliana? Aina mpya haisambazwi kwa mbegu, maana mbegu haitarudisha mama yake. Inasambazwa kwa vipandikizi au kwa kubebesha, yaani kuunganisha tawi lake juu ya shina la mmea mwingine. Chukua vipande vya tawi vya sentimita 10 hadi 15, vioteshe mizizi, uone ni vingapi vinakubali. Kuna machotara wazuri wanaoishi tu wakibebeshwa juu ya shina la aina nyingine yenye nguvu, na kwa washindani wa maonyesho hilo si tatizo. Kwa mwenye bustani ni tatizo, kwa sababu shina la chini likichipua hatajua, na baada ya miaka michache atakuwa na ua asilolipanda. Mimi hupendelea aina inayosimama kwa mizizi yake.

Kisu chako kinaweza kuua kazi yote. Kuna virusi vya haibiskasi vinavyosababisha madoa ya mviringo ya manjano kwenye majani, na vinasafiri kwa urahisi kwenye makali ya mkasi kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Mmea ukishaambukizwa hauponi. Safisha makali kwa dawa ya klorini kati ya mmea na mmea, kila mara, hata ukiwa na haraka, na usichukue vipandikizi kwenye mmea wenye dalili hizo hata ua lake likupendeze vipi.

Jambo la mbegu nyingi nalo lifikirie mapema. Kwa H. syriacus, kichaka kinachomwaga mbegu kinajaza bustani miche isiyotakiwa. Donald Egolf, katika National Arboretum, bustani ya miti ya taifa la Marekani iliyoko Washington, alilishughulikia hilo kwa kuzalisha mimea yenye seti tatu za kromosomu: 'Diana', 'Helene', 'Minerva' na 'Aphrodite'. Haizai mbegu nyingi, na nguvu hiyo inakwenda kwenye maua, hivyo huchanua muda mrefu. Ni mfano mzuri wa mzalishaji aliyefikiria usumbufu wa mwenye bustani kabla ya uzuri wa ua.

Kuhusu jina, usikimbilie. Kagua kwanza kama limeshatumika. Msajili wa kimataifa wa majina ya haibiskasi ni Australian Hibiscus Society. Usajili wa jina haukupi haki ya kumzuia mtu kuzalisha mmea wako. Hiyo ni haki nyingine, ya mzalishaji wa aina mpya, inayotolewa na serikali za nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, wa 1961 na marekebisho yake. Ili kuipata, aina yako lazima iwe tofauti na zilizopo, ifanane mmea kwa mmea, na isibadilike inapozalishwa, na pia iwe mpya. Chini ya mkataba wa 1991, ukiwa umeiuza nchini unakoomba kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, umeshachelewa. Kwa hiyo amua kabla ya kuuza kipandikizi cha kwanza.

Kabla ya hayo yote, wape wakulima wa bustani watatu au wanne mimea ya majaribio, kwa makubaliano ya maandishi kwamba hawataizalisha wala kuigawa. Chagua wenye udongo na jua tofauti na lako, na waombe picha za mwezi mbaya kuliko yote, si za mwezi wa maua. Majibu yao yakiwa mazuri, teua vichaka vichache visivyo na dalili za ugonjwa viwe mama, vitenge na mimea mingine, na vipandikizi vyote vitoke hapo.