Gari linachemsha Kitonga, fundi katoa thamostati

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1996, injini 5A, na ninaihudumia mwenyewe nyumbani: oili, plagi na breki nabadilisha kwa mikono yangu. Mwezi uliopita nikipanda mlima Kitonga kwenda Iringa, mshale wa temperecha ulipanda mpaka juu na maji yakafoka. Fundi niliyempata njiani alitoa thamostati akaniambia hicho ni kifaa cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Tangu hapo nikiwa mjini mshale hauinuki, lakini gari linakula mafuta kuliko zamani, na juzi nikipanda tena Kitonga limechemsha vilevile. Nataka niunganishe feni dairekti izunguke muda wote. Nitakuwa nimemaliza tatizo? Halafu chini ya mfuniko wa oili naona ute mweupe kama maziwa. Ndiyo gasketi imeungua? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kuhusu feni jibu ni hapana, na sababu nitaifikia. Ila nianze na huyo aliyekuambia thamostati, yaani ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya injini kufuatana na joto lake, ni ya nchi za baridi, maana maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na nimechoka kufungua injini zilizokufa kwa ajili yake.

Gereji moja niliyofanya kazi nikiwa kijana ilikuwa chini ya mwembe. Kwenye tawi kulining'inia waya uliotungwa thamostati, moja juu ya nyingine, kama samaki wanavyotungwa mtoni. Siku moja nilizihesabu, zilikuwa kumi na saba. Kila moja ilitoka kwenye gari lililoletwa likichemsha. Nilichukua tano nikaenda nazo nyumbani, nikazitia kwenye sufuria ya maji jikoni. Nne zilifunguka vizuri kabisa. Kwa hiyo magari manne kati ya hayo matano yalinyang'anywa kifaa kizima, na ugonjwa wenyewe ukaachwa ndani.

Tazama namba. Thamostati ya injini yako huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84, na yakifika 95 iwe imefunguka wazi. Morogoro siku ya jua kali ni nyuzi 34 au 35. Kati ya hewa ya kwenu na joto ambalo injini inalitaka kuna pengo la karibu nyuzi 50. Kwa injini, Morogoro ni baridi, Dar ni baridi, hata Muscat mwezi wa Julai ni baridi. Na magari yanayouzwa Oman na Dubai, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 45, hutoka kiwandani na thamostati kama lako. Kifaa hiki hakina habari na hali ya hewa ya nje. Kinapima maji yaliyo ndani ya injini, basi.

Watu wengi wanaidhania ni kizibo tu: ukikitoa, maji yanapita kwa wingi zaidi na injini inapoa zaidi. Laiti ingekuwa hivyo. Kwenye injini yako thamostati iko upande ambao maji yanarudi kutoka kwenye rejeta, mlangoni mwa pampu. Ukiishika mkononi utaona ina milango miwili. Mlango mkubwa wa mbele ndio unaoruhusu maji ya rejeta kuingia. Nyuma, chini ya springi, kuna kisahani kidogo ambacho wengi hawakiulizi ni cha nini. Hicho ndicho mlango wa pili. Kazi yake ni kuziba njia ya mkato, ile ambayo maji huzunguka humohumo ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta.

Injini ikiwa baridi, njia ya rejeta imefungwa na ya mkato iko wazi, ili ipate moto haraka. Ikishapata moto, mlango mkubwa unafunguka na kile kisahani kinasogea kuziba mkato, ili maji yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa thamostati, mkato unabaki wazi milele. Mjini, mzigo ukiwa mdogo, hutaona shida. Mshale utalala chini na utamsifu fundi. Ukifika Kitonga, injini ikisukuma gia ya pili na upepo wa mbele ni hafifu, sehemu ya maji ya moto inageuka na kurudi ndani bila kupoa. Kwa maneno mengine, umepunguziwa upozaji mahali ulipouhitaji kuliko pote. Ndiyo maana limechemsha tena. Hili si la kubuni kwangu: vitabu vya ukarabati vya Toyota vya injini zenye thamostati ya namna hii vinaonya kwamba isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa kuwa kuitoa kunapunguza upozaji.

Mafuta yanaisha kwa sababu hiyohiyo. Kompyuta ya injini inasoma joto la maji, inaona injini bado baridi, inaongeza petroli kama vile ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Petroli isiyoungua yote inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Na huo ute mweupe usikutie hofu kabla ya wakati. Petroli ikiungua ndani ya silinda, mvuke kidogo hupenya mpaka kwenye oili. Ikiwa na moto wa kutosha mvuke huo hukauka na kutoka. Ya kwako haifiki joto hilo, kwa hiyo unaganda chini ya mfuniko na kuchanganyika na oili. Nimeona hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ikifunguliwa kwa ajili ya ute huo peke yake, gasketi iliyo chini yake ikakutwa salama.

Gasketi ipime hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka shingoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyokuwa imebaki. Yakiendelea kutoka mfululizo bila kukoma, au ukifunga mfuniko na hosi ya juu ikakakamaa kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili wakati maji bado ni ya vuguvugu, hapo moto wa silinda unaingia kwenye maji. Chomoa na kijiti cha oili: ute ukiwa kwenye kijiti pia, oili yote ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hilo ni jambo jingine na gari lisitembee. Hedi yako ni ya aluminiamu, na kwa injini hizi haitakiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, wembamba ambao unywele unauzidi. Gari lililochemsha mara mbili mlimani lazima lipimwe.

Ukikuta gasketi ni nzima, tafuta ugonjwa wenyewe. Anza na mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo ambacho hakuna anayekishuku. Mfuniko mzuri unashikilia mgandamizo wa kama bar 0.9, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukiwa umekatika au springi imelegea, maji yanachemka kama kwenye sufuria isiyofunikwa. Na kumbuka unakopanda: Iringa mjini, kwenye mita kama 1,600 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mbovu unaovumilika Dar unaweza kukuaibisha kabla hujafika Ilula.

Halafu rejeta. Injini ikiwa imezimwa, angalia kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na iko mbele yake. Huwa kuna tope na wadudu waliokauka wameshikana kama kitambaa. Safisha kwa maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda mbele, usitumie mashine ya presha kwa karibu, mapezi yatalala. Ndani, kama gari limekuwa likinyweshwa maji ya kisima chenye chumvi, mirija itakuwa imeziba kwa magadi. Hiyo ni kazi ya fundi rejeta au ni kununua nyingine. Tazama na hosi ya chini kama inanywea injini ikinguruma.

Feni sasa. Toyota nyingi za miaka hiyo zimetengenezwa kwa busara: swichi ya feni ikichomolewa plagi yake wakati funguo iko kwenye ON, feni inazunguka yenyewe. Fanya hivyo. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni vizima, tatizo lako haliko hapo. Isipozunguka, tafuta kipi kimekufa kati ya hivyo. Kuunganisha dairekti ni kuficha jibu ambalo gari lilikuwa tayari kukupa, na waya wa dairekti bila fyuzi nimewahi kuukuta umeyeyuka mpaka kwenye betri.

Baada ya hapo rudisha thamostati, mpya na iliyoandikwa nyuzi 82, na mpira wake mpya. Kabla hujaifunga ipime kwenye sufuria: itundike kwa uzi isiguse chini. Kwenye maji baridi iwe imefunga kabisa, maji yakiwa moto sana ifunguke angalau milimita 8. Wakati wa kufunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekee juu, ndiko hewa inakotokea. Nati kaza taratibu, ni aluminiamu. Jaza kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Ukitumia maji ya betri hakikisha ni yale yasiyo na asidi, maana madukani vyote vinaitwa maji ya betri. Fungua hita iwe kwenye moto, acha injini ingurume na mfuniko wazi mpaka feni iwake na hewa iishe, ukiongeza maji yanapopungua.

Na tafadhali, usiniambie kuna mtu amekushauri utie yai, pilipili manga au bizari kwenye rejeta ili kuziba uvujaji. Nimetoa bizari kwenye mirija ya hita kwa waya, saa nne nzima, rangi ya njano mpaka kwenye kucha. Inaziba tundu moja linalovuja na mirija thelathini isiyovuja. Vivyo hivyo usiimwagie injini iliyochemka maji baridi, wala usifungue mfuniko wakati bado wa moto. Maji ya nyuzi 110 yaliyobanwa yakiachiwa ghafla yanageuka mvuke palepale, na uso wako uko sentimita arobaini juu yake. Zima, fungua boneti, subiri nusu saa au zaidi. Usiuamini hata mshale: maji yakiisha, senza inabaki hewani, mshale unashuka kwenye C, alama ya baridi, wakati hedi inaiva. Watu wengi wamemshukuru Mungu kwa mshale huo wakaendelea na safari.

Hili ni kwa wote wanaonunua magari ya zamani, si kwako peke yako. Nenda ukalione gari asubuhi kabla muuzaji hajaliwasha. Shika boneti, iwe baridi. Endesha dakika kumi na tano. Mshale usipofika karibu na katikati, kuna uwezekano mkubwa thamostati imetolewa au imekwama wazi. Usikubali kuambiwa gari hili lina upozaji mzuri. Huku kwetu thamostati haitolewi kwenye gari lisilochemsha. Muulize lilichemsha lini, wapi, mara ngapi, na hedi ilipimwa na nani.