Jibu: koili ya shaba kwa pipa la lita 200

Mkuu, umeuliza koili (bomba la shaba lililozungushwa ndani ya pipa, maji ya moto yakipita humo) ya mita ngapi itapasha pipa la lita 200 kwa saa mbili, maji ya moto yakitoka kwenye boila ya kuni hapo gesti yako ya Uyole, Mbeya. Usianze na mita, anza na joto. Mwezi wa saba huku maji ya bomba yanauma meno; chukua nyuzi 15. Kuyafikisha 55 ni ongezeko la nyuzi 40, na kila lita inakula kilojuli 4.19 kwa nyuzi moja. Jumla karibu kilojuli 33,500, sawa na uniti 9.3 za umeme. Kwa saa mbili: kilowati 4.65.

Wengi huteleza hapa, wanapigia hesabu tofauti ya mwanzoni ya joto kati ya maji ya boila na ya pipa. Maji ya boila yakiwa 75, unaanza na tofauti ya 60 lakini unamaliza na 20 tu. Wastani wake wa kilogi (wa logarithimu, kwa kuwa tofauti hupungua haraka mwanzoni na polepole mwishoni) ni kama 36. Koili iliyozama kwenye maji yaliyotulia mimi huipa wati 400 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Gawanya wati 4,650 kwa 400 mara 36, inatoka mita ya mraba 0.32. Bomba la milimita 22 lina mita ya mraba 0.069 ya uso wa nje kwa kila mita, basi mita 4.6. Nunua 6, utando wa chokaa utadai chake. Mimi ya kwanza nilikata mita 3 kwa ubahili wangu. Wageni wa alfajiri walioga kwa kikombe.

Bomba la kupumulia, lile linalotoa mvuke wa boila nje, usilitie koki kabisa. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, mvuke haukungojei 100.