Uliza Bi. Kabini: Meli ya Zamani, Zulia Lililotoboka na Tundu Lisiloonekana

Bi. Kabini alikuwa mhudumu wa vyumba katika meli za kitalii za Mediterania. Kitaliano alikiokota kwenye hoteli za Malindi, na Malindi ndiko alikorudi. Hujibu barua za wasomaji kuhusu meli na kazi za baharini.

Bi. Kabini, shikamoo. Binti yangu ameolewa na Mtaliano, na mwaka huu wakwe zake wametualika mimi na mume wangu safari ya wiki moja kwa meli ya kitalii. Nilifurahi mpaka kijana wangu alipotusomea maoni ya abiria waliotutangulia. Meli yenyewe ni ya miaka ya tisini. Mmoja asema zulia limetoboka na choo chanuka. Wa pili asema bombani yalitoka maji ya kahawia. Wa tatu ameona kutu kila mahali. Wa nne asema hajapata kupanda meli nzuri kama hiyo na atarudi. Mume wangu ameshaapa hapandi jeneza. Tumwamini nani? – Mama wa Barani, Malindi

Marahaba, mdogo wangu. Waamini wote wanne, kila mmoja kwa alichokiona. Tatizo ni kwamba abiria huona alipolala na alipokula, basi.

Tuanze na choo, maana hicho nimekipigania miaka. Choo cha meli hakimwagi maji mengi, hufyonza kwa nguvu ya hewa, na vyumba kadhaa hutumia bomba moja. Mtu wa chumba cha mwanzo akitupa kitambaa humo, ninyi wa mwisho mtakaa bila choo mpaka fundi apatikane. Katika meli iliyozeeka, bomba lenyewe limejijenga magamba ya mkojo kwa ndani, njia imebana, kwa hiyo kuziba si habari. Harufu nyingine wala haitoki chooni. Chini ya tundu la sakafu ya bafu kuna kona ya bomba ambayo lazima ibaki na maji, ndiyo inayozuia uvundo usipande. Chumba kikikaa bila mtu, maji yale hukauka. Nilipofungua chumba kilichokuwa tupu, kabla sijagusa shuka nilimwaga maji kwenye tundu hilo. Fanya vivyo hivyo, ungoje kidogo, ndipo uamue kama una la kulalamikia.

Maji ya kahawia watu wa Malindi tusiyashangae, mto Sabaki ukifurika bahari yetu nzima ni udongo. Melini sababu yake huwa fundi: amefunga maji atengeneze kitu, akifungua, kutu ya bombani inakuja nayo. Yaache yatiririke. Yakiwa bado hivyo kesho yake, nenda mapokezi, na usiyanywe.

Kutu ndiyo inayowatisha watu bure. Chuma, chumvi na jua vikikutana, kutu haikwepeki, na hata meli mpya ikimaliza msimu utaona michirizi chini ya kila tundu linalotoa maji. Bandari nyingi hazikubali upake rangi ubavuni kwa kuhofia rangi kumwagika baharini, basi serehangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, na vijana wake hungoja bandari inayoruhusu. Michirizi hiyo dawa yake brashi. Kutu ya kuogopa ni ile iliyovimba na kubanduka vipande kwenye mikono ya chuma inayobeba mashua za kuokolea, au kwenye bawaba za mlango ambao haufungi mpaka upigwe bega. Abiria akipiga picha ya hiyo, mimi nasoma maneno yake mara mbili.

Sasa zulia. Hapa wenzangu wengi hunibishia, lakini zulia mimi nalipa uzito kuliko michirizi yote ya kutu. Kutu huletwa na bahari. Zulia lililotoboka na kubaki limetoboka ni uamuzi wa mwenye meli. Katika meli moja niliyofanyia kazi, stoo ilianza kututolea taulo kubwa zilizokatwa katikati na kupindwa. Zulia la korido likichanika, tulipewa gundi na mkanda. Balbu zilihamishwa kutoka vyumba ambavyo havikuuzwa. Hakuna aliyetuambia kitu, na msimu ulipokwisha meli ikauzwa. Wewe wa Malindi hili hulihitaji kuelezwa: hoteli ngapi za ufukweni tumeona zikiacha kupakwa chokaa, kisha bwawa likakauka, kisha lango likafungwa kwa mnyororo? Mwenye mali anayetaka kuondoka huanza kuondoka kwa vitu vidogo. Na mtu anayebana pesa ya zulia, ambalo abiria analikanyaga, sina hakika anaimwaga kwenye pampu ambayo abiria haioni.

Kwa hiyo maoni hayo mwambie kijana wako ayasome kwa tarehe. Meli ya abiria kwa kawaida hupandishwa gudi, yaani gati kavu la kutengenezea meli, mara mbili katika kila miaka mitano. Huko ndiko chini hukwanguliwa na kupakwa rangi, vali hufunguliwa, na ndani hubadilishwa mazulia na magodoro. Atafute ilipanda gudi lini mara ya mwisho. Kama malalamiko ni ya miezi ya kabla ya hapo, mengi yamekwishatibiwa. Kama meli imetoka gudi na mwezi unaofuata watu bado wanalia zulia lile lile, hapo mimi ningeuliza nani mwenye meli sasa, na amekuwa nayo tangu lini.

Hilo nalo linapatikana. Kila meli kubwa ina namba ya IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina mara kumi. Na majina hubadilika kweli. Ile Royal Star ambayo watu wa Mombasa waliizoea Kilindini miaka ya tisini iliundwa Italia miaka ya hamsini ikiitwa San Giorgio, na katikati ilipitia majina mengine. Ukishaipata namba, ingia Equasis, kumbukumbu ya meli iliyo wazi kwa yeyote anayejisajili, bila malipo. Utaona mwaka wa kuundwa, mwenye meli, nani anayeikagua, na kama imewahi kuzuiliwa bandarini. Meli ikiwa inakwenda bandari za Marekani, wakaguzi wa CDC, shirika la afya la serikali yao, huingia bila taarifa na kutoa alama, kamili ikiwa 100, na matokeo hutangazwa. Iliyopata 85 au chini yake imeanguka.

Nimuelekee mume wako. Uzee peke yake si jeneza. Costa Concordia ilianza kazi 2006, na Januari 2012 ikajigonga kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, watu 32 wakafa. Haikuwa na hata miaka saba. Spice Islander iliyozama baina ya Unguja na Pemba Septemba 2011 ilikuwa ya 1967, lakini sisi sote twajua ilivyokuwa imejazwa watu na mizigo kupita kiasi.

Kisa ninachowahadithia wanaoniuliza uzee ni cha Oceanos. Iliundwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikazama kwenye dhoruba pwani ya Afrika Kusini Agosti 1991. Watu wote 571 waliokolewa, zaidi ya 200 kati yao wakinyanyuliwa kwa helikopta. Vali za kuzuia maji yasirudi nyuma kwenye mabomba ya maji machafu zilikuwa zimeng'olewa kwa ajili ya matengenezo, na ukuta wa chuma kati ya chumba cha jenereta na tangi la maji machafu ulikuwa na tundu la sentimita 10 hivi. Bahari ilipoingia kwenye jenereta, ikapenya tunduni, ikapanda kwa mabomba na kutokea vyooni na kwenye mabafu. Tundu lile lisingeandikwa na abiria yeyote, kwa kuwa hakuna abiria ambaye angelifika hapo.

Nendeni, mimi nasema, kama namba ya IMO haikuwatolea jambo baya. Mkiingia, tembeeni korido yenu muone milango ya kuzuia moto usienee. Ukikuta mmoja umezuiwa kwa ndoo au kabari ubaki wazi, ripoti siku hiyo hiyo. Na mazoezi ya dharura kabla ya kung'oa nanga msiyakose. Tangu Concordia yanafanywa mapema, na wahudumu wakiyafanya kwa mzaha, hilo linastahili kuandikwa kuliko zulia.

Bi. Kabini, mimi ni kijana wa Shela, Lamu, nimekulia kwenye mashua. Wakala ameniambia ana nafasi ya ubaharia kwenye meli ya kitalii ya zamani, lakini nitangulize shilingi elfu themanini. Rafiki zangu wasema meli za zamani zinatesa wafanyakazi. Niende?

Elfu themanini usitoe, mwanangu. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zako ni pasipoti, cheti cha daktari na kitabu cha baharia. Kabla ya yote, pata mafunzo ya msingi ya usalama, Bandari Maritime Academy pale Mombasa wanayatoa, kisha uulize Mamlaka ya Bahari ya Kenya kama wakala huyo anajulikana.

Kuhusu meli ya zamani: rafiki zako hawajakosea sana. Kabini za wafanyakazi ziko chini, kiyoyozi huko ndicho cha mwisho kutengenezwa, na kila kilichochakaa juu kina mtu wa chini anayekishughulikia usiku. Lakini meli kuukuu nyingi ni ndogo, abiria wake hurudi mwaka hata mwaka na kukujua kwa jina, na bakshishi zao ni nzuri. Tena utajifunza. Aliyewahi kukaa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, akatazama mafundi wakiziba mianya ya mbao kwa kalafati na kupaka deheni anaelewa kuwa chombo hakimaliziki kutengenezwa. Kijana wa namna hiyo serehangi humpenda.

Jambo moja tu nakuusia. Februari 2013, huko La Palma, visiwa vya Kanari, wafanyakazi wa Thomson Majesty walikuwa kwenye mazoezi ya mashua ya kuokolea. Waya ulikatika, mashua ikaanguka, watano wakafa. Meli ilikuwa ya 1992. Waya ulikuwa umeliwa na kutu kwa ndani, kwenye nyuzi ambazo grisi ya nje haizifikii. Hakuna abiria aliyeumia. Ukiambiwa uingie mashuani kwa mazoezi, uliza waya ulikaguliwa lini, na ukionekana mjuaji vumilia.

Bi. Kabini, ni kweli meli za kitalii zikizeeka hupelekwa India zikakatwa ufukweni? – Msomaji wa Langoni, Lamu

Ni kweli. Alang, jimbo la Gujarat. Maji yakijaa, meli huendeshwa kwa kasi mpaka ipande mchangani, kisha hukatwa vipande. Marco Polo, iliyoundwa Ujerumani Mashariki miaka ya sitini ikiitwa Aleksandr Pushkin, iliishia huko 2021. Nyingine huenda Aliağa, Uturuki. Carnival Fantasy ilifika huko 2020, wakati wa korona, ikiwa na miaka thelathini tu, ilhali MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ni ya 1913. Na nyingi nzuri ziliondolewa na sheria: tangu Oktoba 2010 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, haukubali tena meli za abiria ambazo ndani zimejengwa kwa mbao na vitu vingine vinavyoshika moto. Kwa hilo mimi sikulia. Mbao zile zilikuwa nzuri, nilizipiga polishi kwa mikono yangu, lakini moto wa melini huna pa kuukimbilia.

Bi. Kabini, nimerudi safari na mwajiri wangu Mzungu. Chumba kilivuja juu ya kitanda, droo hazifungi, bafu lina ukungu. Siku ya mwisho walitupa karatasi ya maoni, nikaandika chumba kibovu, nikaweka alama ya chini kabisa. Mpwa wangu anayefanya kazi melini amenikasirikia. Kosa langu nini? – J., Malindi

Ulichoandika ni kweli, ila mpwa wako anajua karatasi ile inakwendea wapi. Katika meli nilizofanyia kazi, alama za "chumba" ziliwekwa kwenye jina la mhudumu. Dari ikivuja, alama ni yake. Ukungu ulio ndani ya silikoni, ambao hautoki kwa sabuni wala kwa brashi mpaka silikoni ing'olewe, alama ni yake. Mhudumu anaandika ripoti ya matengenezo, fundi anazo mia mbele yake, na msimu ukiisha yule mwenye alama mbovu haitwi tena. Nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa akinunua silikoni bandarini kwa pesa zake.

Basi siku nyingine tenganisha. Andika: mhudumu mzuri, dari inavuja, chumba namba fulani. Na usingoje siku ya mwisho. Siku ya kwanza nenda mapokezi, omba waandike, omba nakala. Abiria anayelalamika siku ya kwanza hupewa fundi au hubadilishiwa chumba. Anayelalamika siku ya mwisho hupewa pole na hati ya punguzo kwa safari ijayo, katika meli ile ile.