Kuzama kwenye sebene hadi unaipoteza bendi

Mdogo wangu, nimekuelewa: ukipiga gitaa la solo, sebene (ile sehemu ya wimbo magitaa yanapochangamka watu wacheze) likikolea unafumba macho, vidole vinakwenda vyenyewe, ukizinduka bendi imeshahama kodi (chord, noti zinazopigwa kwa pamoja) na wewe bado uko kulekule. Usijilaumu. Kule kuzama ndiko utamu wenyewe. Tatizo umezama bila kamba.

Kamba yako ni besi. Sebene nyingi huzunguka kodi tatu tu: zile za noti ya kwanza, ya nne na ya tano ya skeli. Jirekodi kwenye simu ukipiga rithim ya mzunguko huo dakika 10, kisha piga solo juu yake huku ukiufuata mstari wa besi kimoyomoyo. Wiki ya kwanza itakukera. Mimi ilinichukua miezi. Halafu acha nafasi: piga kifungu, nyamaza, sikiliza, jibu. (Vijana wengi wanakiogopa kimya kama deni.)

Ukipotea jukwaani usikimbizane na noti. Shika noti mbili za juu, zirudierudie mpaka mpiga ngoma abadilishe. Wachezaji watadhani umepanga.

Ila vidole vikifa ganzi au kifundo cha mkono kikiuma, pumzika. Yasipoisha, muone daktari. Mimi nilijikaza, nikakaa wiki mbili bila gitaa.