Hata McDonald's walileta chakula garini

Umeuliza kama McDonald's iliwahi kuhudumia watu ndani ya magari yao kama migahawa mingine ya Marekani enzi zile. Iliwahi, tena ndivyo ilivyoanza. Ndugu wawili, Dick na Mac McDonald, walifungua mgahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940, na wasichana walitoka na trei hadi kwenye gari. Trei ilikuwa ya bati, yenye ndoana za kushika kioo cha dirisha. Dereva alikiacha kioo kimeinuka kidogo, maana akikishusha chote trei haina pa kushika.

Shida ilikuwa vijana. Walinunua kidogo, wakakaa hapo usiku kucha wakiangaliana na kutamba na injini, familia zikakwepa. Basi mwaka 1948 ndugu hao wakafunga, wakawaondoa wahudumu, wakafungua tena: foleni dirishani, baga senti 15.

Kinachonigusa mimi ni kwamba vijana hawakuacha kuzunguka na magari barabarani. Whittier Boulevard, Los Angeles, Wamarekani wenye asili ya Meksiko walipita polepole na magari yao yaliyoshushwa chini, rangi zinameta, na polisi wakawaandama miaka na miaka. Tangu Januari 2024 miji ya California hairuhusiwi tena kupiga marufuku mizunguko hiyo. Ilichelewa mno, lakini nilifurahi sana.

Ukifika Burbank, karibu na Los Angeles, Ijumaa jioni, pita mgahawa wa Bob's Big Boy, jengo la mwaka 1949. Wenye magari ya kale huyapanga pale nje, boneti wazi.