Maswali na Majibu: Je, Learjet ya kwanza ilikuwa ndege ya kivita iliyowekewa viti?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa ndege. Mwalimu wetu alisema Learjet 23, ile ndege ndogo ya jeti ya Marekani ya miaka ya 1960, ni ndege ya kivita ya Uswisi iliyogeuzwa kuwa ya abiria. Mwenzangu anabisha kwamba hiyo ni hadithi tu. Nani yuko sahihi? Na kampuni changa iliwezaje kupata cheti cha serikali kinachothibitisha kuwa ndege ni salama, chini ya mwaka mmoja tangu ndege yake iruke mara ya kwanza?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi kuhusu bawa, na mwenzako yuko sahihi kuhusu karibu kila kitu kingine.

Ndege inayozungumzwa ni P-16, ndege ya kivita ya rubani mmoja iliyoundwa na kiwanda cha FFA cha Altenrhein, kando ya Ziwa Konstanz. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955. Serikali ya Uswisi iliagiza ndege 100, lakini baada ya ajali ya pili, iliyotokea Machi 1958, agizo likafutwa, na kiwanda kikabaki na usanifu mzuri usio na mnunuzi. Bill Lear, Mmarekani aliyekuwa amejijengea jina kwa redio za ndege na mitambo ya kujiendesha angani, aliliona bawa lile: fupi, jembamba, lenye mihimili mingi ya ndani na matangi ya mafuta kwenye ncha zake. Mwaka 1960 alianzisha huko Uswisi kampuni aliyoiita Swiss American Aviation Corporation.

Bawa la Learjet 23 linafuata wazo hilo, likiwa na mihimili minane. Kiwiliwili ni kipya kabisa. P-16 ilikuwa na injini moja tumboni, ilhali Learjet ina mbili zilizoning'inizwa nyuma, na mkia wake una umbo la herufi T. Ukitafuta damu ya kijeshi, nakushauri uitafute zaidi kwenye injini. Injini ya Learjet, CJ610 ya General Electric, ni injini ya kijeshi ya J85 iliyoondolewa kichoma mafuta cha ziada (sehemu ya nyuma inayoongeza msukumo), na J85 yenyewe ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kombora la kuhadaa rada lililoitwa Quail. Injini ya kombora haikukusudiwa kuishi muda mrefu, kwa hiyo ilifanywa nyepesi sana. CJ610 ina uzito wa takriban kilo 180 tu, nayo hutoa msukumo wa paundi 2,850. Bila injini ya namna hiyo, bawa la Uswisi lisingemfikisha Lear popote.

Sehemu ya pili ya swali lako, kwa maoni yangu, ndiyo yenye uzito. Kazi ilipozorota Uswisi, Lear aliihamishia Wichita, Kansas, mwaka 1962, pamoja na fremu na kalibu za kuundia. Kisha akafanya jambo ambalo wahandisi wengi wangelikataa: hakuunda kwanza ndege ya majaribio kwa mkono, bali ndege ya kwanza kabisa ilitoka kwenye fremu zilezile za uzalishaji. Kosa lolote la usanifu lingemlazimu kuzitengeneza upya fremu zote, lakini usanifu ukiwa sawa, miezi mingi inaokolewa. Ndege iliruka tarehe 7 Oktoba 1963.

Ujanja mwingine ulikuwa wa kilo. Kanuni za Marekani za wakati huo ziliziweka ndege zisizozidi paundi 12,500, yaani kilo 5,670, katika kundi la ndege ndogo, ambalo masharti yake yalikuwa mepesi kuliko ya ndege za uchukuzi, yaani ndege kubwa za abiria na mizigo. Learjet 23 ilibanwa ikae ndani ya mpaka huo, na ndiyo sababu abiria hawakuweza kusimama wima ndani yake. (Inasimuliwa kwamba Lear aliwajibu walalamikaji kuwa hata ndani ya Cadillac mtu hasimami.) Mpaka huo hauko mbali nasi: kilo 5,700 zinazotajwa katika viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga ni namba hiyohiyo iliyokadiriwa.

Tarehe 4 Juni 1964 ndege ya kwanza iliharibika ikijaribiwa kupaa kwa injini moja, kwa kuwa vibao vya juu ya bawa vinavyoua mwinuko vilikuwa vimeachwa wazi. Iliangukia shambani ikaungua, ila waliokuwamo walinusurika. Kosa lilikuwa la uendeshaji, si la usanifu, na fedha za bima zikaifikia kampuni iliyokuwa na ukata. Cheti kilitolewa tarehe 31 Julai 1964, kabla ya ndege shindani ya Jet Commander iliyokuwa imetangulia kuruka, na mteja wa kwanza akakabidhiwa ndege Oktoba mwaka huohuo.

Njia hiyo ilikuwa na gharama yake. Marubani waliotoka moja kwa moja kwenye ndege za pangaboi walikabidhiwa chombo chenye kasi kubwa, na ajali kadhaa zikafuata. Modeli 24, iliyopata cheti mwaka 1966, ilipitishwa kwa kanuni za ndege za uchukuzi, na mwaka 1967 Lear aliuza hisa zake kwa kampuni ya mpira ya Gates ya Denver.

Ili kumaliza ubishi wenu, tafuteni michoro ya P-16 na Learjet 23 iliyochorwa kutoka juu, mlinganishe mabawa. Kisha itazameni ile ya ubavuni, na mwenzako atapata ushindi wake.