Kabla ya Kusomea Mifumo ya Taarifa za Menejimenti

Vijana wanaomaliza kidato cha sita huku Mbeya, Iringa na Njombe huniuliza mara kwa mara iwapo shahada ya mifumo ya taarifa za menejimenti ni sayansi ya kompyuta iliyorahisishwa. Mimi niliyeisoma nasema sivyo. Mwenzetu wa sayansi ya kompyuta huzama zaidi katika utendaji wa mashine na programu, ilhali sisi tunajifunza jinsi ushirika, hospitali au duka la jumla linavyokusanya taarifa, kuzitunza na kuzitumia katika maamuzi. Ndiyo maana uhasibu na takwimu hufundishwa sambamba na hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ndani ya kompyuta.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba uifahamu kazi ya watu kabla ya kuitengenezea mfumo. Nilipofanya mafunzo kwa vitendo katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, nilikaa kwanza na karani wa mizani, nikafuatilia stakabadhi tangu mkulima anapopimiwa mzigo hadi jina lake linapofika kwenye orodha ya malipo. Safu moja ya "kilo" haitoshi pale, kwa sababu takribani kilo 5 za kahawa mbivu, zikishamenywa na kukaushwa, hubaki kilo 1 tu ya kahawa ya maganda, yaani punje zilizo bado na ganda lao la ndani, na malipo ya awali huja mbali na yale yanayofuata baada ya mauzo. Mwaka 1970 mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alieleza namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, na hapo mizani ndipo nilipomwelewa barabara: wakulima wawe na jedwali lao, mizigo iwe na lake, na namba ya uanachama iyaunganishe, maana katika kijiji kimoja majina hufanana sana.

Uhasibu usiukwepe, kwani asiyejua kusoma leja, yaani daftari la hesabu, hawezi kuigeuza kuwa mfumo. Isome pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba za simu na za vitambulisho vya wakulima ni dhamana.

Unapotafuta nafasi ya mafunzo, usivutwe na ofisi kubwa ya mjini ambako mwanafunzi huishia kutoa nakala za barua. Likizo ndefu ya vyuo vyetu huangukia msimu wa kahawa, mizani ikiwa kazini kila siku, hivyo ipeleke barua ya chuo kwa meneja wa ushirika kabla mavuno hayajapamba moto, na uombe uanzie kwa karani.